Jina la Dubu

Jumamosi sokoni katika mji wa Ljubljana, watu wakipigana vikumbo, Jernej alilamba kijiko cha asali alichopewa kuonja, akaomba kingine.

"Kaka, hapa tunaonja, hatushibi," alisema Tinkara, mwenye meza, akikaza kitambaa chake cha njano kichwani.

"Samahani, dada. Nimekuwa dubu. Unajua Waslavi wa kale, wahenga wetu, walimwitaje? Mla asali. Jina lake halisi waliogopa kulitaja, asije akasikia akaja."

"Lipi hilo?"

"Limepotea. Na hata hilo la mla asali hawakuliandika popote. Sisi wachunguzi wa maneno tumelipata kwa kulinganisha lugha za wajukuu wao."

Koti lake lilikuwa limechakaa viwiko, lakini Tinkara hakuliona. Mtu anayefufua neno la watu waliokwisha kuoza! Alimpenda palepale.

Wakapendana majira yote ya joto. Jernej alimwita nyuki wangu, sukari yangu, bibi mizinga. Ila neno "nakupenda" hakulitamka hata siku moja. Majani yalipoanza kupukutika, Tinkara alimwambia, "Baba amezeeka, ananitaka nirudi nyumbani Kočevje nishike mizinga. Nina sababu ya kukataa kwenda?"

Jernej aliangalia kahawa yake. "Uamuzi ni wako, nyuki wangu."

Tinkara akafunga virago, moyo ukimuuma.

Siku ya pili simu ya Jernej ikamkuta kwa babake. "Tinkara, jana nilisema vibaya."

"Hukusema kitu. Ndiyo shida yako."

"Naogopa. Baba alimtamkia mama neno hilo kila asubuhi, na mama akaondoka. Nikadhani nisipolitaja, utabaki."

Hasira ilimtoka Tinkara, ikabaki huruma. "Wahenga wako walipoacha kumtaja dubu, aliacha kuja?"

"Hapana."

"Hakuacha. Juzi kavunja mzinga wa baba. Dubu yupo, Jernej. Kilichopotea ni jina tu."

Jernej akapanda basi la kwanza. Alimkuta kwenye banda la nyuki, kavaa buti za matope na sweta la babake, akampendeza kuliko siku zote.

"Kwetu habari kubwa ya nyumba huambiwa nyuki kwanza," alisema Tinkara, mikono kiunoni.

Jernej akapiga magoti mbele ya mzinga. "Nampenda Tinkara. Nataka kumwoa."

Nyuki wakaendelea kuvuma.

"Wamesikia," alisema Tinkara, machozi yakimlenga. "Sasa niambie mimi."

Akamwambia.