Mbwa wa Kiganjani

Nilitoka kununua mkaa tu. Magharibi ilikuwa inakaribia, mume wangu Nasuru ameshatia udhu, na mimi nimemfunga Tahiru mgongoni huku nikinung'unika peke yangu, maana nyumbani kwetu mkaa haujawahi kuisha asubuhi. Huisha sufuria ikiwa jikoni. Nikafungua geti.

Rejoice alikuwa amesimama pale pale, kimya.

Huyu Rejoice alikuwa jirani yetu hapa Oli, mjini Arua, muuza vitenge kutoka Sudan Kusini, mwanamke ambaye kicheko chake unakisikia kabla hajakata kona. Jioni ile hakucheka. Alikuwa ameshika kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na kitu kinatetemeka.

"Kulusum, mama Tahiru," akaninong'oneza. "Nisaidie. Jada, mutoto yangu, iko mgonjwa sana kule Koboko kwa mama. Mimi nakwenda saa hii. Hii siwezi kubeba."

Nilimjua yule mbwa. Mtaa mzima tulimjua. Rejoice alizoea kumtia kifuani, kichwa kikichungulia kwenye blauzi, na sisi tukimtania kwamba amezaa panya. Kwa karibu alikuwa mdogo zaidi. Mbwa mzima, mwenye masikio na mkia na kucha, analala kwenye kiganja na nafasi inabaki.

"Dada yangu, sisi Waislamu," nikamwambia. "Nasuru atanifukuza mimi na hiyo mbwa yako pamoja."

"Ilale jikoni tu. Siku kidogo." Akaanza kunieleza haraka haraka. Asikae na njaa, ale kidogo kidogo mchana na usiku. Akilegea, apakwe asali kwenye fizi. Baridi asiguswe nayo kabisa. "Na hapa, usigonge."

Akachukua kidole changu, akakiweka juu ya kichwa cha mbwa.

Palikuwa laini. Hapakuwa na mfupa. Chini ya kidole changu kitu kilikuwa kinadunda... kinadunda... kama utosi wa mtoto mchanga.

Nikauondoa mkono. Nikauliza jina lake, ili niseme neno tu.

"Haina jina."

Kwenye kamba ya nguo, nyuma yangu, kulikuwa na ile shali nyeupe ya Tahiru. Ndiyo shali niliyomtolea nje siku ya arubaini, mama mkwe wangu ameifukiza udi mpaka hata sabuni haiondoi harufu. Rejoice akapita, akaianua mwenyewe, akamviringishia mbwa.

"Hiyo hapana!" nikasema. "Ngoja nikupe kitambaa nyingine."

Akaanza kulia. Mimi ni mwanamke wa mdomo, waulize watu wa Oli, lakini machozi ya mwanamke mwenzangu yananimaliza. Tena mtoto wake mgonjwa, na mimi wangu mzima mgongoni. Niliona haya.

"Basi, chukua."

"Sema iko yake."

"Ni yake, Rejoice. Jamani! Ni yake."

Akashusha pumzi ndefu. Simu yake ikalia palepale. Akasikiliza, mkono mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Kisha akaniwekea kikapu mikononi, akaondoka. Hakunitazama tena. Hakumtazama mbwa.

Nasuru alisema maneno mengi. Alisema malaika hawataingia kwetu, alisema vyombo vyote vya jikoni sasa ni najisi, alisema hao Wasudani wa siku hizi wanatuona wajinga, kama vile babu zake mwenyewe hawakutoka huko huko na bunduki begani. Nikamweka mbwa jikoni, karibu na jiko lenye joto, na kila nilipomshika nilinawa kwa udongo na maji mara saba hadi ngozi ikachubuka.

Kumtunza kulinishangaza. Hakuwa na usumbufu. Alikula punje za wali na nyama ya kusaga iliyoloweshwa, kidogo kuliko anachokula kifaranga. Hakubweka hata mara moja. Aliniangalia tu kwa yale macho yake yaliyotokeza, akinifuata kutoka jikoni hadi mlangoni. Na hakunuka mbwa.

Alinuka kichwa cha mtoto. Ile harufu ya maziwa na jasho jepesi, ambayo kila mama anaijua hata akiwa amefumba macho. Nikajiambia ni shali.

Halafu Tahiru akabadilika. Alikuwa mtoto wa kunyonya na kulala, hajaanza hata kukaa. Sasa akawa anaamka kila baada ya muda mfupi akitaka ziwa, ananyonya kidogo, anaacha, anatetemeka. Nikampeleka kliniki. Wakampima malaria, hana. Wakasema mama apumzike, ale vizuri. Nikawashukuru kwa midomo tu.

Jioni moja mvua ilinyesha na umeme ukakatika, jambo ambalo Arua halimshangazi mtu. Nasuru alikuwa msikitini. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa jirani na Tahiru, tukazuiwa na mvua huko, na mbwa jikoni hajala tangu adhuhuri. Tuliporudi, mwanangu alikuwa mzito mkononi. Nilidhani amelala.

Nikamwashia tochi ya simu usoni.

Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Mkono nikiunyanyua unaanguka. Nikagusa utosi wake, umeingia ndani kama shimo. Nikampiga nyayo, nikamwita, nikamnyunyizia maji. Kimya... mvua juu ya mabati tu.

Nikapiga mbio hadi jikoni kutafuta asali, maana ndilo neno pekee lililokuja kichwani, asali. Mkebe ulikuwa pale kando ya kikapu. Na ndani ya kikapu mbwa alikuwa amekauka, ulimi nje, macho yamegeuka meupe.

Sijui kwa nini nilimpaka yeye kwanza. Labda kwa kuwa alikuwa karibu. Labda mkono ulijiendea. Nilichovya kidole, nikamsugua kwenye fizi zile ndogo, baridi.

Mara ya kwanza, hakuna kitu.

Mara ya pili, akameza.

Na ndani ya nyumba, Tahiru akalia.

Nilisimama pale na kidole chenye asali. Kisha nikambeba mbwa, nikaenda naye chumbani, kwa mara ya kwanza, nikamlaza kitandani kando ya mwanangu. Nikaweka kidole kimoja juu ya kichwa hiki, na kingine juu ya kile.

Vilidunda pamoja.

Mbwa akapata kwikwi. Tahiru akapata kwikwi.

Kuanzia hapo sikumrudisha jikoni.

Simu ya Rejoice haikupatikana. Nikampeleka mbwa kwa Drani, daktari wa mifugo, ambaye siku zote anatibu ng'ombe na mbuzi, akacheka alipoona ninachokitoa kifuani. Akasema mbwa wa aina hii wengine huzaliwa na utosi usiofunga, hakuna uchawi hapo. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Kisha akafungua mdomo wa mbwa, akasikiliza moyo, akakunja uso.

"Mama, hii imezeeka. Meno yote iko nakwisha. Moyo iko na maji. Usimzoee sana."

"Itakaa muda gani?"

"Mvua hii ikiisha na yeye bado iko, ushukuru Mungu."

Kesho yake nilikwenda Koboko, Tahiru mgongoni na mbwa kifuani. Vumbi hakuna, matope tu, na gari lilichelewa. Nilipouliza kwa mama yake Rejoice muuza vitenge, nikaelekezwa nyumba yenye ukuta wa matofali mabichi. Uwanjani palikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, mashavu yamejaa, anafukuza kuku huku ana kipande cha muhogo mdomoni.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Jada."

Rejoice alitoka na beseni la nguo. Alipoona kifua changu beseni likamponyoka. Akamshika Jada mkono, akamsukuma ndani, akafunga mlango, akabaki nje na mimi. Alikuwa amenenepa. Nilimchukia kwa unene ule.

"Umechukua nini kwangu?" nikamuuliza.

Alinong'ona, akiangalia chini. "Mimi pia nilipewa. Mama moja kule Yei, tukikimbia vita, alisema bebea mimi. Jada ilikuwa ndogo, utosi bado wazi. Mama huyo alifunga mbwa na kitambaa ya Jada, aliniambia sema ni yake. Nikasema. Sasa mbwa ikazeeka, Jada ikaanza kufa. Siku ile nilisimama kwa geti yako tangu mchana. Nilitaka kurudi. Wallahi, Kulusum, nilitaka kurudi."

Alitumia kiapo chetu, yeye Mkristo. Hilo nalo liliniudhi.

"Hii ni nini, Rejoice? Iko mutu ndani?"

"Sijui. Sikuuliza. Mama huyo alisema haifi kama inapata mutoto mupya. Inazeeka, ikibadilisha inapata siku ingine, lakini kila mara siku inapungua."

"Na ukiiua?"

Akainama, akaokota nguo moja kwenye matope.

"Mama wa Yei alizaa mapacha," akasema. "Aliiua mbwa kwa panga. Mbwa ilirudi. Pacha moja hapana."

Nilitaka kumpiga. Ningeweza, mimi ni mkubwa kwake. Lakini Jada alianza kugonga mlango kutoka ndani akimwita mama yake, na mimi nikaisikia sauti ile ilivyojaa uhai, nikajua kwamba hata ningemuua Rejoice, hangeweza kumchukua mbwa tena. Jada utosi wake umeshafunga.

Nilimwambia Nasuru kila kitu jioni ile. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Halafu akasema nimechoka. Akasema hizi ni hadithi za makafiri na kwamba kesho ataita shehe asome. Na akasema kwamba kabla ya shehe kuja, mbwa atatoka. Alimshika kwa shali, kama mtu anavyoshika uchafu, akatoka naye manyunyuni, akamweka nje ya ukuta, akafunga geti.

Sikumfuata. Mungu anisamehe, nilitaka aone.

Nikamweka Tahiru mapajani pake. Tukakaa. Mvua ndogo ilikuwa inagonga mabati. Mtoto akaanza kutetemeka, kwanza kidevu, kisha mikono. Nasuru akaanza kusoma, sauti imara. Kucha za mtoto zikawa za bluu. Akasoma kwa sauti zaidi. Utosi ukaanza kudidimia mbele ya macho yake, polepole, kama unga unapobonyezwa na kidole...

Alikatiza aya katikati. Tangu nimjue, hajawahi kukatiza aya.

Nilisikia geti likigonga ukuta. Nilisikia mume wangu, mtu mzima, anatambaa gizani kwenye matope akiita, "Kuja! Kuja, baba! Kuja!" Aliporudi kanzu yote ilikuwa tope, na mbwa yuko ndani ya kanzu, ngozi kwa ngozi, na yeye anampulizia pumzi ya joto kichwani. Rangi ikamrudia Tahiru kidogo kidogo.

Shehe alikuja, akasoma, akanywa chai, akasema mtoto amepata jicho baya. Tukamshukuru. Hakuna aliyemwonyesha kilichomo kifuani mwa Nasuru.

Tangu hapo ndiye anayemtunza. Anamtafunia nyama, anaitema kiganjani, anamlisha. Anamkanda kifua akikohoa. Msikitini haendi tena. Anasema hawezi kuswali na mate ya mbwa mwilini, na hawezi kumweka chini. Kikohozi kimezidi. Mbwa akianza, tunageuka wote wawili kumtazama Tahiru, tunasubiri. Kwa mtoto kinachelewa kidogo tu, kisha kinakuja, kile kile, kikavu. Mvua zimepungua. Asubuhi nimekuta meno mawili kwenye shali.

Jana simu ya Nasuru ililia. Alikuwa dada yake, Zuhurah, anayeishi Inde. Zuhurah aliolewa zamani, mimba zimemharibikia nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kila mara. Sasa alikuwa anapiga kelele za furaha mpaka simu inakwaruza. Amejifungua. Binti. Mzima.

"Alhamdulillahi," akasema Nasuru.

"Kuja muone, kaka! Kuja na Mama Tahiru. Na ile mbwa yenu ndogo, kuja nayo, watu nasema iko kama toyi ya mutoto. Nataka kuona."

Nasuru akanitazama. Mimi nikaangalia ukuta. Kifuani mwake mbwa alikuwa ameinua kichwa, masikio yamesimama, anasikiliza simu. Sijawahi kumwona akisimamisha masikio.

"Tutakuja kesho," Nasuru akasema.

Alikwenda akakaa nje mgongo ukiwa kwangu. Mimi nililia, nikalia kweli, kwa kuwa Zuhurah nampenda, na kwa kuwa nilijua ningelia na bado ningekwenda. Kisha nikabandika maji ya vuguvugu, nikamwogesha mbwa kwa sabuni ya mtoto, nikamchana manyoya taratibu, apendeze.