Sauti Mlangoni Quy Nhon

Rafiki yangu Nzigire, tunayefanya naye kazi ghalani hapa Buffalo, hapendi kulizungumzia jambo hili. Mwaka 2015 alikwenda na mdogo wake Sandrine, anayemwita yaya, yaani mkubwa wake, kupumzika Quy Nhon, mji wa pwani huko Vietnam.

Jioni moja Sandrine alitoka kununua matunda, na umeme ukakatika. Chumba cha hoteli kikawa giza tupu, bahari ikivuma nje. Mlango ukagongwa.

“Yaya, nifungulie,” sauti ya Sandrine ikaita.

Nzigire akapapasa ukuta hadi mlangoni. Kabla hajagusa komeo, simu ikalia mfukoni mwake.

“Yaya, bado niko ku soko,” Sandrine akasema. “Bon, usitoke, niko nakuya hapo hotelini.”

Nzigire akaurudisha mkono wake. Nyuma ya mlango, sauti ileile ikasema polepole, “Usitoke, yaya. Niko nakuya.”