Aliyemshikia Beseni

Jua lilikuwa linazama mpiga picha alipofungua chumba chake cha giza cha kusafishia picha, kwa mara ya kwanza tangu wamzike binti yake. Mama yake mzazi alikuwa ameomba kitu kimoja tu: picha ya mjukuu ya kuweka ukutani. Sasa alikuwa sebuleni, anasubiri.

Negativu, ile filamu ya picha, ilikuwa moja. Binti anacheka, nywele hazijachanwa.

Aliwasha taa nyekundu, akaimulika karatasi kupitia negativu, akaizamisha kwenye beseni la dawa. Dawa aliizimua sana, kama apendavyo. Picha ya namna hiyo hutoka kwa kujivuta, lakini weusi ukishashika, huenea kama moto kwenye nyasi kavu. Inataka mkono usiochoka. Ukiacha kulitikisa beseni, dawa inalala mahali pamoja na uso unatoka na mabaka.

Ya kwanza ilitoka na mabaka shavuni. Ya pili vilevile. Kila alipomwona, mkono ulisimama wenyewe.

Akaweka ya tatu. Akatikisa mpaka bega likawaka moto. Macho yakaanza kujitokeza... na kilio kikamshinda. Akaliachia beseni, akajifunika uso kwa viganja.

Chwa... chwa... chwa...

Dawa ilikuwa bado inacheza.

Alichungulia katikati ya vidole. Upande wa pili wa meza, beseni lilikuwa linainuka kidogo, linashuka, linainuka. Taratibu, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeifunika ile ya dawa.

Hakupiga kelele. Kila likizo binti yake alisimama pale pale, akimpokea beseni anapochoka.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Picha ilikuwa inatoka safi, shavu laini, bila hata doa. Weusi wa nywele ukafika pale hasa alipoutaka. Ilibaki kuitoa tu, kabla weusi haujaimeza. Akanyoosha mkono.

"Usiitoe, mama. Ukiitoa, naondoka."

Mkono ukabaki hewani.

Akautazama weusi ukishuka kwenye paji la uso, ukimeza macho, shavu, kidevu. Angeweza kuiokoa. Hakuigusa. Kile kicheko ndicho kilichozama mwisho.

Beseni likatulia.

Alitoka na karatasi nyeusi tii, ikichuruzika maji.

"Picha iko wapi, mwanangu?" aliuliza bibi wa marehemu.

"Amekuja, mama. Amenishikia beseni. Ameniita mama."

Bibi alikaa chini polepole.

"Amekuitaje?"

"Mama."

"Yule mtoto nimemlea mimi tangu ana miezi mitatu," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa bado shuleni. Mama alikuwa ananiita mimi. Wewe alikuita dada mpaka anakata roho, na wote tulikuwepo."

Miaka kumi na tisa mpiga picha alikuwa amelisubiri neno hilo. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Aliyemo humo si mjukuu wangu," bibi alisema, akimshika mkono. "Ni kitu kinachokujua. Usirudi, nakuomba."

Mpiga picha alimbusu mama yake kwenye paji la uso. Alijitoa mkononi mwake kwa upole, kidole kimoja kimoja, akarudi chumba cha giza, akatia komeo.

Bibi aliugonga mlango mpaka ngumi zikachubuka. Baadaye alitega sikio kwenye mbao, akamsikia mwanawe akinong'ona kwa furaha, kama anayembembeleza mtoto mchanga:

"Sema tena."