Walioitikia Zumari

Jua lilikuwa limeshazama, mwanga umebaki kidogo tu juu ya mapaa, fundi cherehani alipotoka nyumbani na koti la marehemu mkononi.

Mbele za watu aliliita koti la okestra. Okestra ya mtaa wao ilikuwa na makoti meusi ya pamoja; akiondoka mmoja, koti lake hupunguzwa au huongezwa, likavaliwa na mwingine. Hili lilikuwa la mzee mmoja, fundi saa mchana, mpuliza zumari jioni, aliyezikwa wiki tatu zilizopita. Fundi alikuwa amelipunguza mabega limtoshe muuguzi aliyekuja kushika nafasi yake. Alipokuwa anashona bitana, sindano iligonga kitu kigumu, chembamba kama kijiti, kilichopenya ndani kupitia tundu la mfuko. Alitaka kufumua akitoe. Akatazama saa ya ukutani.

Akashona juu yake.

Kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi alimkuta mlinzi, mtu wa utani asiyechoka.

"Mama Chiriku! Umekuja kutupigia ngoma nini? Mpiga ngoma wetu leo tumbo linamwendesha."

"Nikipiga mimi mtakimbia wote. Shika koti."

Mlinzi alilipokea, akalinusa. Mzaha ukamtoka usoni.

"Umelifua?"

"Mara mbili."

"Basi mbona linanuka mafuta ya saa?"

Harufu hiyo fundi alikuwa ameisikia njia nzima, akajiambia ni pua yake tu.

Chiriku alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa, mpiga fidla wa mstari wa mwisho. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mzee wa zumari ndiye aliyemfundisha kusoma muziki tangu akiwa na miaka saba. Tangu walipomzika, Chiriku alikuwa hasemi ila akiulizwa, na chakula anakichezea kwa kijiko. Mama alikuja bila kuombwa, kuona kama muziki utamrudishia mwanawe.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, kiongozi wa okestra, mwalimu wa hesabu, alipiga makofi.

"Jamani, nisikilizeni! Muuguzi amepiga simu, amebanwa wodini, hafiki. Zumari hatuna. Sauti ya kulinganishia itatoka kwenye piano. Mmenisikia? Piano."

Ndivyo wafanyavyo wapiga muziki wa aina hiyo: kabla ya kuanza, hutolewa sauti moja, na kila mmoja huifuata mpaka ala yake ilingane nayo. Kwa miaka ishirini na miwili aliyeitoa alikuwa yule mzee. Na kwa mazoea yao wenye ala nzito ndio walioitikia kwanza, kisha fidla ndogo, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho.

"Na kiti chake?" aliuliza mwokaji mikate, mpiga ile fidla kubwa ya kusimama inayomzidi mtu kimo.

"Kiacheni. Litundikeni koti pale. Ni heshima."

Ukumbi ulijaa. Fundi alipata nafasi pembeni, safu ya tatu. Taa zikafifia. Mtu akakohoa, akanyamaza. Mfamasia, kiongozi wa fidla, alisimama akampa ishara mpiga piano. Mpiga piano akainua kidole.

Sauti ikatoka.

Nyembamba. Safi. Ya puani kidogo. Na mwishoni ikatetemeka... vile vile mzee alivyoitetemesha pumzi yake ilipokaribia kwisha.

Piano haitetemeki hivyo.

Fundi akamtazama mpiga piano.

Kidole chake bado kilikuwa hewani.

Lakini wapiga muziki walikuwa wameacha kuifikiria sauti ile miaka mingi. Sikio likisikia, mkono unakwenda. Mwokaji mikate alifumba macho, akavuta upinde, na fidla yake kubwa ikaguna kwa muda mrefu. Akafuata mwenzake wa kando. Hakuna aliyegeuka kuangalia inakotoka. Walikuwa wameambiwa piano, basi waliamini wanasikia piano.

Bibi yake fundi alikuwa akimkanya tangu mdogo: kiza kikiingia, ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nyamaza. Kuitika ndiko kukubali.

Na ukumbi mzima ulikuwa unaitika.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Harufu ya mafuta ya saa ikashuka jukwaani, nzito, mpaka ulimini. Pale kitini koti lilikuwa limejaa kidogo kifuani. Likapungua... Likajaa tena.

Mstari wa tatu, ule wa nyuma kabisa, mpaka kiti cha mwisho.

Chiriku akainua upinde.

Fundi alisimama akamwita. Hakumwita Chiriku. Alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, lile ambalo nyumbani kwao hutumika siku za homa kali tu. Wito ukapasua ukumbi kutoka pembe hadi pembe.

Upinde ukasimama, upana wa kidole kutoka kwenye nyuzi. Vichwa vikageuka. Sauti ya zumari ikafa polepole, kama imepata ilichotaka.

Watu walisema okestra haijawahi kupiga vizuri namna ile. Walipumua kama mtu mmoja. Ila Chiriku, ambaye fidla yake peke yake haikulingana na za wenzake, alipitisha upinde juu ya nyuzi bila kuzigusa, mwanzo hadi mwisho, machozi yakimtiririka.

Wakirudi nyumbani, mama na binti walitembea wakiachana hatua.

"Umenidhalilisha, mama."

"Najua."

"Mbele ya mtaa mzima! Kwa nini?"

"Ile haikuwa piano."

Chiriku alihamishia fidla bega la pili.

"Nilijua," akanong'ona. "Nilimtambua mwalimu. Nilitaka kumjibu."

Siku ya tisa mwokaji mikate hakufungua duka. Walimkuta ameketi mbele ya tanuri, mdomo wazi, kama mtu aliyekuwa anasema naam. Moyo, alisema daktari, na kwa unene wake nani angebisha? Wiki iliyofuata akaondoka yule wa kando yake. Mwalimu wa hesabu alieleza kwa upole kwamba mambo mawili kufuatana si lazima yawe na uhusiano. Mpiga piano aliapa hakugusa kitu. Baadaye akasema labda aligusa. Sasa hasemi lolote. Fundi hakumlaumu yeyote. Kila mtu hushika anachoweza kushika.

Muuguzi alilikataa koti, mlinzi akalirudisha. Fundi alifumua bitana mchana kweupe. Kile kijiti kilikuwa tete, kipande ambacho mpuliza zumari hukiweka mdomoni. Baada ya majuma yote yale kilipaswa kuwa kikavu.

Kilikuwa kimelowa mate.

Alikitia kwenye makaa. Kesho yake akaondoka wa tatu.

"Wanakwenda kwa mpangilio," alimwambia binti yake jioni ile, mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Walivyoitikia, ndivyo wanavyokwenda. Lakini wewe hukutoa sauti, mwanangu. Itaishia kwa aliyekutangulia."

Chiriku alitikisa kichwa.

"Mama... uliponiita, zumari lilikuwa bado halijanyamaza."

"Enhe."

"Uliniita kwa sauti ile ile. Hukupanda, hukushuka. Mimi nina sikio, mama. Ulilingana na zumari kabisa."

Cherehani ilisimama.

Fundi alihesabu mistari kichwani, kiti kwa kiti. Yeye angekuwa wa mwisho. Basi muda upo kidogo. Akashangaa kuona kwamba kilichomjaa kifuani hakikuwa hofu. Kilikuwa karibu na shukrani. Akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Njoo ukae hapa nikuonyeshe kutunga uzi. Tazama vizuri, ujue kujishonea."

"Mama..."

"Tazama sindano."

Nje mwanga ulikuwa unaondoka juu ya mapaa. Mahali fulani mtaani, mbali, nyembamba, kitu kilianza kupulizwa... Chiriku akainua kichwa, midomo ikifunguka.

Mama akamziba mdomo kwa kiganja, na kwa mguu akakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote, ipige kelele.