Mlio Ndani ya Sanduku la Dawa

Huku kwetu milimani, mwezi wa nane huwezi kuteka maji kabla ya kuvunja barafu. Tlalane, msichana wa darasa la saba, alijifunga blanketi lake kwa pini kubwa begani, akachukua ndoo na jiwe, akashuka chemchemini. Alipigapiga barafu mpaka ikapasuka, akateka, akapanda na ndoo kichwani. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hata nyumba yao hakuiona mpaka alipokaribia kuugusa ukuta.

Kazi iliyofuata ndiyo aliyoichukia. Alipasha maji, akayamimina kwenye beseni, akampelekea dada yake.

"Asante, mdogo wangu," alisema Moroesi kwa sauti ndogo, akaitoa mikono yake chini ya blanketi.

Vidole vilikuwa vyeupe pe, kama chaki, kuanzia kwenye kucha. Ungedhani ni vya maiti. Moroesi alivitumbukiza majini, na taratibu vikageuka rangi ya zambarau, kisha vikaiva wekundu, naye akafumba macho kwa maumivu. Tlalane alisimama mlangoni akitazama pembeni.

Zamani Moroesi alikuwa mcheshi kuliko wasichana wote wa kijiji. Ugonjwa ulipomwingia, ngozi ya uso wake ilikaza na kung'aa, na mdomo ukawa mdogo hata kijiko kikawa kinaingia kwa taabu. Akicheka, sauti ilicheka lakini uso haukucheka. Siku nzima alikaa kimya karibu na moto, akikohoa kikohozi kikavu, akiwatazama watu kwa uso usiobadilika. Jamani, hata mtu mzima alikuwa akiingia humo ndani na kuaga upesi.

Na watu wana midomo. Siku hiyo shuleni, Lebeko, kijana aliyekaa dawati la nyuma, alimgusa Tlalane begani.

"Dada yako bado yupo?"

"Sasa awe wapi?"

"Nauliza tu. Bibi yangu anasema Moroesi alishakufa siku nyingi. Mnaishi na sethotsela."

Baadhi ya wanafunzi wakacheka. Sethotsela ni mfu aliyefufuliwa na wachawi ili awatumikie. Kila mtoto wa huku amesikia kwamba wachawi humkata ulimi asije akawataja.

"Koma wewe!" Tlalane alifoka.

"Mimi nimekosa nini? Mwambie akuonyeshe ulimi basi. Tangu augue umewahi kuuona?"

Tlalane aligeuka, akainamia daftari lake. Hakuwahi kuuona.

Majira hayo Moroesi alikuwa ameanza dawa mpya. Hospitali ya mji mkuu ilikuwa imemchagua pamoja na wagonjwa wengine wachache wapewe sindano kila wiki. Daktari Letsika alimweleza Mama Moroesi bila kuficha: "Ugonjwa huu umeanza kuingia mapafuni. Tutampima tena. Dawa ikimsaidia, ataendelea nayo. Isipomsaidia, tutaiacha tumpe mwingine, maana ni chache na wanaoingoja ni wengi." Tangu siku hiyo Mama hakusali sala yoyote bila kuzitaja sindano hizo.

Sindano zilitunzwa kwenye friji ya zahanati, inayotumia umeme wa jua. Kisha theluji ikaanguka, ikavifukia vioo vya kunasia jua, na friji ikazima. Nesi Mathuso alipanda farasi, akaja na sanduku la buluu la kutunzia baridi.

"Mama Moroesi, theluji nyingine inakuja," alisema huku akijikung'uta. "Njia ikifungwa, binti atakosa sindano, na mimi siwezi kuruka kama ndege. Bora zikae kwenu. Wewe nimeshakufundisha kuchoma. Nani ana kichwa cha kukumbuka mambo humu ndani?"

"Tlalane," Mama alijibu palepale.

Nesi alimgeukia. "Sikiliza, mwanangu. Dawa hii haitaki joto, na wala haitaki kuganda. Nimeiwekea chupa za maji baridi ili ubaridi wake usipandepande wala kushuka. Ikae ndani, mbali na moto, chini ya kitanda chako. Usiku isitoke nje hata kidogo. Hebu sema."

"Haitaki joto, haitaki kuganda, isitoke nje."

"Haya. Mama yako kazaa binti mwenye akili."

Kesho yake Lebeko alikuwa na habari mpya. "Eti mmeletewa sanduku? Ndimo ilimo hiyo sindano inayomwamsha! Mfu hatembei bure, mwenzangu. Na wewe unalilalia?" Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Lebeko mwenyewe alionekana ameogopa maneno yake.

Jioni Mama alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha pembeni. Tlalane alikaa kitandani. Upepo ulivuma kwenye ua wa matete kama mtu anayenong'ona. Ng'ambo ya chumba Moroesi alikuwa amelala chali, macho wazi. Alivuta pumzi, akakaa nayo, akaitoa. Tlalane akajikuta anamngoja avute nyingine. Chini ya kitanda, karibu kabisa na visigino vyake, kulikuwa na lile sanduku. Alihisi baridi yake ikimpanda miguuni.

Hakuvumilia. Alilitoa taratibu, akatoka nalo hadi nyuma ya nyumba, kwenye kibanda ambamo nyama hutundikwa wakati wa baridi isioze. Akaliweka sakafuni, akarudi mbio. Alfajiri, kabla Mama hajaamka, akalirudisha chini ya kitanda. Nesi alisema dawa haitaki joto. Basi huko si ndiko kwenye baridi? Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

Jioni iliyofuata alilipeleka tena. Alipokuwa akiinama kuliweka, akasikia mlio ndani yake.

Tak.

Alisimama kama mti. Kibandani hapakuwa na mtu, ila mguu wa kondoo uliokuwa ukining'inia kwenye ndoano. Ukungu ulikuwa ukiingia mlangoni kama moshi.

Tak, ikalia tena. Ulikuwa mlio mkavu, kama wa mtu anayealisha vidole. Nywele zilimsimama. Alikimbia, akajifunika blanketi gubigubi mpaka kukakucha. Lakini kila jioni alilipeleka palepale, kwa sababu kulala juu ya kitu kile kulimtisha zaidi.

Siku ya sindano Mama aliita kutoka jikoni, "Tlalane, nitolee dawa moja!"

Kwa mara ya kwanza akafungua kifuniko. Chupa za maji zilikuwa zimeganda zikawa mawe, na moja ilikuwa imevimba ubavuni. Mlio ule ulikuwa wa chupa zikiganda. Sindano nazo, zote, zilikuwa na barafu ndani. Alimpa dada yake mgongo. Alizishika moja moja viganjani, akazipulizia pumzi, akazisogeza karibu na moto mpaka barafu ikayeyuka. Akaziinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa angavu, safi, kama siku ilipoletwa. Haikubadilika hata chembe.

"Iko sawa?" Mama aliuliza akiingia.

"Iko sawa, Mama."

Kusema kweli, Tlalane hakuogopa fimbo. Aliogopa swali moja tu: ulilitoa nje kwa nini? Angejibu nini, na dada yake amekaa pale anasikiliza?

Tangu siku hiyo sanduku halikutoka tena ndani, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wiki baada ya wiki Mama alimchoma Moroesi, na wiki baada ya wiki Moroesi alizidi kufifia. Alianza kupumzika katikati ya maneno. "Tlalane... nipe... maji." Vidole vilichelewa kurudi rangi hata ndani ya maji ya moto. Asubuhi moja Tlalane alimkuta amekaa mbele ya kipande cha kioo, akijitazama bila kupepesa, mdomo wake ukichezacheza kama anayejaribu kukumbuka namna ya kutabasamu. Tlalane alirudi nyuma polepole, beseni mkononi, maji yakimwagikia miguuni.

Theluji ilipoyeyuka na njia kufunguka, wote watatu wakasafiri kwenda mji mkuu.

Daktari Letsika alimpulizisha Moroesi kwenye mashine, akaitazama karatasi iliyotoka, akaitazama tena. Alivua miwani.

"Mama, sitaki kukudanganya. Mapafu yamerudi nyuma. Tulitegemea dawa ingeuzuia ugonjwa, lakini naona kama haikufanya kitu chochote. Itabidi tuiache."

Mama hakulia. Alishika ncha ya blanketi lake akaikunja, akaikunjua, akaikunja. "Mmempata mtu mwingine wa kumpa?"

"Wapo."

"Haya, mwanangu," Mama alisema. Daktari alikuwa kijana kwake. "Mungu awasaidie hao."

Moroesi aligeuka akatazama dirishani. Uso wake haukuonyesha kitu, kama kawaida, lakini machozi yalikuwa yakitiririka juu ya ngozi ile iliyokaza. Tlalane aliyaona. Mfu halii, alifikiri. Mungu wangu, mfu halii.

"Iliganda!" alipiga kelele.

Wote wakamgeukia.

"Dawa iliganda. Zote. Nilikuwa nazitoa nje jioni, kwenye kibanda cha nyama. Nikaziyeyusha, nikamwambia Mama ziko sawa."

"Tlalane!" Mama alisimama. "Nesi alikwambia nini? Hukumwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Sasa ulizitoa kwa nini?"

Lile swali likawa limefika. Tlalane alitazama sakafu. "Shuleni wanasema dada ni sethotsela. Wanasema amekatwa ulimi. Wanasema sindano ndizo zinazomwamsha. Nikaogopa kuzilalia. Nilikuwa namwogopa dada."

Nje mtu alipita na kitoroli kinacholialia, kikaenda mpaka kikaacha kusikika.

"Mbona hukuniuliza?" Moroesi alisema. "Ungesema tu... dada, hebu toa ulimi." Akafungua kinywa kadiri ngozi ilivyomruhusu, akatoa ncha ya ulimi, nyekundu, nzima. "Umeona? Upo. Tena bado mrefu... kwa kukusema wewe."

Mama alicheka huku akilia, akajifunika uso kwa blanketi.

"Na kuogopa si wewe peke yako," Moroesi aliendelea, akivuta pumzi. "Mimi mwenyewe nikijitazama kwenye kioo... naogopa. Ningefurahi kuwa na mtu wa kuogopa naye."

Tlalane alilia kwa kwikwi. Daktari Letsika alimngoja anyamaze, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Sikiliza nikwambie dada yako ana nini. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari wa dada yako wamechanganyikiwa, wanaushambulia mwili wenyewe: ngozi, mishipa ya vidole, sasa mapafu. Dawa za zamani huwalaza askari wote, wabaya na wema. Hii mpya humzuia mjumbe mmoja tu, yule anayepeleka amri ya vita. Ila imetengenezwa kutokana na vitu vilivyo hai. Umewahi kuona yai lililoganda usiku?"

"Ndiyo. Likiyeyuka halirudi kuwa kama zamani."

"Dawa hii ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yenyewe huwezi kuona. Imekufa, lakini ukiitazama unasema ni nzima."

Tlalane alivitazama viganja vyake. Muda wote alikuwa akimwogopa dada yake aliye hai, na kumbe kilichokufa alikuwa amekishika mkononi.

Daktari alimgeukia Mama. "Kwa hiyo dawa haikushindwa. Binti hakuipata. Nitawaeleza wenzangu, naye ataanza dawa upya tangu mwanzo. Angenyamaza huyu mpaka mtoke mlango ule, jina la Moroesi lingekuwa limeshafutwa." Akamkazia macho Tlalane. "Ulikosa sana. Na leo umefanya jambo linalowashinda watu wazima wengi."

Moroesi alilazwa kwa muda ili aanze dawa chini ya uangalizi, kisha akarudi nyumbani, na sindano zikarudi kwenye friji ya zahanati. Kikohozi kilipungua polepole, si kwa siku moja. Vijito vilipojaa maji ya mvua, alianza kutembea hadi chemchemini na kurudi. Waliporudi hospitali, karatasi ya mashine ilisema ugonjwa umesimama.

"Haujaisha," Daktari Letsika alisema. "Pengine ataishi nao siku zote. Lakini umesimama, na dawa inaendelea."

Walikaa kituoni wakingoja basi la kurudi milimani. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa imepoa. Mama alikuwa hajawahi kulizungumzia jambo lile tangu siku ile. Sasa akaanza, akiwa anatazama barabara.

"Tlalane, watu wa kale walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelifikiria neno hilo miezi yote hii. Wewe hukuficha maradhi yako, mwanangu. Ulificha ya mwenzako. Kifo kingekuumbua wewe, lakini kingemchukua yeye. Kosa la kwanza lilikuwa woga, na woga nausamehe, kila mtu anao. Lile neno 'iko sawa' ndilo lililotaka kumuua. Siku nyingine ukikosea, hata kama ni kosa la aibu namna gani, lilete kwangu lingali bichi."

"Nimesikia, Mama."

Upepo ulipita. Moroesi akaitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe tena kwenye ncha. Tlalane alivikamata vyote kwa pamoja, akaviingiza kwapani mwake chini ya blanketi, akavibana. Vilikuwa baridi kweli kweli, na hakuviachia mpaka basi lilipofika.