Nyeupe Katikati ya Nyekundu

Mluzi mwembamba ulimwamsha Tahani usiku. Aliujua: ni sauti ya flashi inayojijaza nguvu baada ya kupiga mwanga. Akawasha taa, akafungua begi la kamera. Flashi ilikuwa imezimwa, na batri zake zilikuwa mezani.

"Takataka za bei chee," akasonya, akalala.

Tahani hakuogopa vyombo. Aliwadharau wapiga picha wote wa Omdurmani wanaoiachia flashi ijipimie mwanga yenyewe, kama mtu anayemwachia mbuzi afunge mlango. Yeye aliupima kwa mkono. Lakini siku iliyofuata, kwenye jirtigi ya Haitham, sherehe ya kuwabariki maharusi, wanawake walicheza wakija na kurudi, uvivu ukamshika, naye akaiachia ijipimie.

Picha zikatoka nyeusi tii.

Hajja Batul, mama wa bwana harusi, alichungulia kioo cha kamera. "Hii nini? Umempiga mwanangu akiwa kisimani? Nimeagiza mpiga picha, nimeletewa muuza mkaa!"

Wanawake wakacheka.

"Nivumilie kidogo, Hajja."

"Nikuvumilie? Huyu Rufaida ni binti wa watu. Si kama yule wa kwanza."

Yule wa kwanza. Ndilo lililobaki kuwa jina lake katika nyumba ile. Mke wa kwanza wa Haitham alikufa mwaka wa mafuriko, na Hajja akakataa kuweka matanga uani kwake kwa ajili ya mtu asiye na ukoo. Alizikwa asubuhi, mchana watu wakala samaki kama siku yoyote. Jina lake likapigwa marufuku, na Haitham, dume zima lenye masharubu, akatii.

Tahani alitafakari. Flashi ikijipimia, hutupa cheche ndogo kwanza na kusoma mwanga unaorudi. Ikikutana na kitu cheupe kilicho karibu, hudhani mwanga umetosha, ikajikata. Lakini weupe gani? Maharusi walikaa kwenye kitanda cha mbao kilichotandikwa mkeka mwekundu, wamevaa nyekundu, wamefungwa hariri nyekundu mikononi. Wageni walivaa kila rangi isipokuwa nyeupe, kwa kuwa thobu nyeupe ya pamba, shuka la kujitanda, ni ya mjane mwenye eda, na mwenye eda haji harusini.

Akaibadili flashi, aupime mwanga kwa mkono. Nusu ya nguvu. Akapiga.

Kitu kilisimama mbele yake, kimeungua kwa mwanga, kama shuka lililoanikwa hatua moja kutoka kwenye lenzi. Akainua macho. Hapakuwa na mtu. Akapunguza nguvu, robo, kisha chini zaidi, na kila alipopunguza, weupe ule ukapata mikunjo, mikunjo ikapata mabega, mpaka akaona mgongo wa mwanamke aliyejitanda thobu ya eda, amewaelekea maharusi. Harufu ya msandali ikafa ghafla, ikaja ya karafuu maiti.

Picha iliyofuata, mwanamke yule alikuwa kitandani, amekaa kando ya Rufaida, amemshika mkono, na hariri nyekundu ya bibi harusi ilikuwa imehamia kwenye mkono wake mwembamba.

"Mama, naona baridi," Rufaida akanong'ona. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Tahani akamsogezea Haitham kamera. "Unamjua?"

Haitham akatazama, jasho likamchuruzika masharubuni. "Zima, dada. Tafadhali, zima."

"Ni karini wa mkeo wa kwanza, jini aliyezaliwa naye. Hamkumwomboleza, basi amevaa eda ya kumwombolezea. Mtaje jina, mwombee, ataondoka. Mke wako anakufa, we mwanamume!"

Haitham akafungua kinywa, akamtazama mama yake, akakifunga.

"Akitamka, mimi si mama yake," Hajja akasema kwa sauti ya chini, huku akitabasamu ili wageni wasishtuke. "Mabinti wamejaa mjini. Piga picha zako, wewe."

Tahani hakuwahi kumdharau mtu kama alivyomdharau mama yule, na baada yake mwana, aliyekaa amekumbatia magoti pembeni ya mke anayepoa. Akainua kamera kwa hasira, akapiga, na mwanga ulipozimika Rufaida akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini, damu ikamrudia usoni, na Tahani akadhani imekwisha, mpaka alipotazama kioo na kuona thobu nyeupe imezunguka kitanda, imekaa upande wa pili, imeegemeza kichwa chake begani kwa Haitham, jinsi mke anavyomwegemea mume aliyerudi kutoka safari.

"Mama," Haitham akasema. Meno yaligongana. "Naona baridi."

Tabasamu la Hajja likadondoka. Akamtikisa mwanawe, akamfunika kwa thobu yake mwenyewe, akampuliza viganja; mikono ya Haitham ikazidi kukakamaa, macho yake yakageuka meupe. Ndipo Hajja Batul, mbele ya wageni wote, akapiga magoti chini ya kitanda, akainua uso kuelekea mahali pasipokuwa na mtu.

"Niachie mwanangu," akalia. "Niachie, mwanangu Sittana."