Raketi ya Thoya, Mkono wa Sidi

Kila siku baada ya masomo, Sidi alipita kwao Kibarani, akavua sare, akala muhogo au chochote mama yake alichomfunikia kwa kawa, kisha akaitungua raketi ukutani na kushika njia ya uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba moja ya wageni, si mbali na barabara kuu. Saruji yake ilikuwa na nyufa, na wavu ulikuwa umeungwaungwa kwa kamba za nailoni. Hata hivyo, mwenye nyumba aliwaachia watoto wa shule wautumie bure, mradi wafagie majani ya mkanju kabla ya kuanza kucheza.

Raketi ile ilikuwa ya kaka yake, Thoya. Kabla ya kusafiri kwenda Qatar kufanya kazi ya ulinzi, Thoya alikuwa mchezaji hodari wa tenisi. Siku ya kuondoka, mabegi yakiwa tayari mlangoni, alimwekea dada yake mdogo raketi mikononi akamwambia, "Itunze." Kisha akainua mabegi, akatoka. Sidi alilishika neno hilo kama amana. Kila jioni aliipangusa raketi kwa kipande cha leso, na hakumruhusu mtu yeyote kuibadilisha kitu.

Ila Thoya alikuwa kijana wa miraba minne. Ili mipira yake iende kwa kishindo, alikuwa amebandika vipande vya madini ya risasi kwenye ncha ya kichwa cha raketi, na vipande hivyo, ijapokuwa ni vyembamba, vina uzito. Mpini aliuzungushia utepe tabaka juu ya tabaka hadi ukajaa kiganja chake kipana. Nyuzi nazo alizitia ngumu, zikakazwa zikawa kama waya. Mikononi mwa Thoya raketi hiyo ilikuwa nyepesi kama upawa. Sidi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Gredi ya Saba, vidole vyake havikukutana akiushika mpini.

Mwalimu Jedida aliliona jambo hilo mapema. Alikuwa mwalimu wa sayansi kutoka Machakos, na jioni ndiye aliyewafundisha tenisi. Siku moja aliichukua raketi, akailaza juu ya kidole kimoja, nayo ikainamia upande wa kichwa kama jani lililolowa. Alimweleza Sidi kwamba uzito wa mbele namna ile unauvuta mkono kila anapopiga, na kwamba nyuzi ngumu hurudisha mtetemo wote wa mpira kwenye kiwiko. Akashauri vile vipande vibanduliwe, utepe upunguzwe na nyuzi zibadilishwe.

Sidi aliinama. Akasema ameshaizoea.

"Mkono hauumi?" aliuliza Mwalimu.

"Hauumi, Mwalimu."

Huo ulikuwa uongo. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimeanza kumchoma tangu shule zilipofunguliwa. Mwanzoni kilimuuma akicheza tu, kisha kikamuuma akiandika, na baadaye hata kukamua nguo kukawa shida. Akienda bombani alibeba mtungi kwa mkono wa kushoto. Mama yake, Zipporah, alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba ameulalia vibaya mkono wa kulia. Mama akamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akiimba polepole kwa Kigiriama, na Sidi akageuza uso ili machozi yasionekane. Mkono ulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kudanganya mtu anayemkanda kwa upendo namna ile.

Alijua angesema ukweli raketi ingebadilishwa, na aliona raketi ikibadilishwa Thoya atakuwa ameondoka mara ya pili. Tena yalikuwepo mashindano ya shule, yatakayofanyika Malindi. Yeye na rafiki yake Hope walikuwa wamechaguliwa kucheza pamoja kama wawili wa upande mmoja. Basi akaanza kuchukua vidonge vya maumivu katika mkebe wa dawa wa mama yake na kuvimeza kwa siri kabla ya mazoezi. Maumivu yalitulia kidogo, akacheza kwa nguvu zaidi, na usiku kiwiko kikavimba zaidi.

Hope alikuwa binti wa Mzee Mwaura, muuza vipuri vya baiskeli mjini Kilifi. Alikuwa msichana mcheshi, asiyeweka neno moyoni. Wakicheza, Hope alisimama mbele karibu na wavu na Sidi akalinda nyuma. Walikuwa wamezoeana hata hawakuhitaji kuitana.

Jumamosi moja kabla ya mashindano, mpira ulimjia Sidi ukiwa juu. Aliinua raketi kuupiga kwa nguvu zake zote. Kiwiko kikamkata ghafla, vidole vikalegea, na raketi ikamtoka mkononi. Ilizunguka hewani, ikampata Hope kidevuni alipokuwa akigeuka kutazama.

Hope alikaa chini. Damu ilichuruzika katikati ya vidole vyake ikadondokea saruji. Mwalimu Jedida alikuja mbio, akamkandamiza jeraha kwa kitambaa safi, akampeleka zahanati. Alishonwa, akarudishwa kwao na bandeji nyeupe kidevuni.

Kila mtu alisema ni bahati mbaya. Siku ile palikuwa na joto kali, na mikono ya watoto wote ilikuwa chepechepe kwa jasho. Hope mwenyewe, akizungumza kwa taabu, alimwambia mama yake kwamba raketi iliteleza. Mwalimu akaamua kwamba kuanzia siku ile kila mchezaji aje na taulo. Mambo yakaishia hapo.

Sidi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, wala hakuna aliyemlaumu. Lakini wali alioletewa na mama yake jioni ile hakuugusa. Alimwona Hope machoni pake, ameketi chini ameshika kidevu, akimtetea kwa jambo asilolijua. Akaisukuma sahani kando.

"Mama," alisema, "halikuwa jasho."

Akaeleza yote: kiwiko, mtungi wa maji, vidonge vya mkebeni. Zipporah alimsikiliza bila kumkatiza. Alipotaja vidonge, mama alifumba macho kwa muda, kisha akauchukua ule mkono uliovimba akauweka mapajani pake, akaushikilia hapo.

"Kesho tutakwenda kwa kina Hope," alisema. "Utayasema haya kwa kinywa chako. Mimi nitakuwa ubavuni mwako."

Walikwenda baada ya ibada. Sidi aliwaamkia wazazi wa Hope, akasimama mbele yao akiwa hajui mikono aiweke wapi, na akayasema yote. Mzee Mwaura alikunja uso. Kisha akasema kwamba binti yake atabaki na kovu, lakini amefurahi kuujua ukweli kutoka kwa mwenyewe. Hope alimtazama Sidi, akainuka, akaingia ndani.

Kuondoka kule kulimwumiza Sidi kuliko maneno. Alikuwa amekwisha kuwaaga wazazi, Hope akatoka tena na kumfuata hadi nje ya ua.

"Ungeniambia," Hope alisema. "Kila siku nakaa mbele nimekupa mgongo kwa sababu nakuamini. Ungeniambia unaumwa, ningepiga na mipira yako."

Sidi alilia, na Hope naye, ingawa bado alikuwa na hasira, akalia. Mama zao waliwaacha walie.

Kesho yake Zipporah alimpeleka mwanawe hospitalini. Daktari alikibonyeza kiwiko huku na huku, akaeleza kwamba kano zinazoushikilia msuli kwenye mfupa zimevimba kwa kuchoshwa. Hazikuwa zimekatika, ila zingeendelea hivyo zingefika huko. Dawa kubwa ilikuwa mapumziko na mazoezi mepesi. Kuhusu vidonge alimkanya kwa upole. Alimwambia kwamba vidonge vile vilikuwa vimenyamazisha maumivu huku ugonjwa ukiendelea, na kwamba dawa inayomezwa bila mkubwa kujua inaweza kudhuru hata tumbo na figo.

Kwa hiyo Malindi hawakwenda. Nafasi yao ilichukuliwa na wasichana wengine wawili, na Sidi alisimama kando ya gari la shule akawapungia mkono wa kushoto.

Thoya alipopiga simu mwisho wa juma, Sidi alitaka kujificha jikoni. Mama akampa simu hata hivyo. Sura ya kaka yake ilitokea kwenye kioo, amevaa sare ya kazi, amechoka, anatabasamu. Sidi alimweleza. Akamwambia kwamba Mwalimu anataka kuibadilisha raketi, na kwamba yeye amekataa kwa sababu aliambiwa aitunze.

Thoya alivua kofia ya kazi, akaisogeza simu karibu na uso.

"Sidi," alisema, "raketi ile nilipewa na mchezaji wa Mombasa, na siku niliyoipata niliibandua kila kitu chake nikaweka changu. Mkono wake haukuwa wangu. Nilipokuambia uitunze, nilitaka ucheze nayo, ufurahi. Kitu changu ninachotaka kitunzwe hapo nyumbani ni wewe."

Zipporah aligeukia dirishani, akajifuta kwa ncha ya leso.

Kiwiko kilipoanza kupoa, Mwalimu Jedida alikwenda na Sidi Malindi kwa fundi anayeitwa Kamande, ambaye kazi yake ni kutengeneza raketi za wachezaji. Hope aliomba kwenda nao. Fundi hakuigusa raketi kwanza. Alimwomba Sidi afungue kiganja, akakipima kwa kukitazama, kisha akauliza, "Ukiupiga mpira, unataka raketi ikujibuje?"

Sidi hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Alifikiri. "Isinipigie kelele mkononi," alisema.

Hope akacheka, na fundi akacheka. Lakini alilichukua jibu lile kwa uzito wake. Alimpa Sidi kisu butu abandue mwenyewe vile vipande vya risasi. Vilipotoka, vilikuwa vimeacha alama za gundi, wakazisugua pamoja hadi zikaisha. Kisha wakaukunjua utepe wa mpini. Tabaka za ndani zilikuwa nyeusi kwa jasho la Thoya, na Sidi alipovuta harufu yake alisita kidogo. Hakuna aliyemharakisha. Baadaye akaendelea kukunjua mwenyewe hadi mwisho. Fundi akauvika mpini utepe mmoja mwembamba, na safari hii vidole vya Sidi vilikaribiana alipoushika.

Nyuzi ngumu zilikatwa. Kamande aliifunga raketi kwenye mashine yake, akapitisha nyuzi laini, akazikaza kwa kiasi. Alimwambia Sidi azigonge kwa kiganja. Hazikulia kama waya tena. Zilibonyea kidogo, zikarudi.

"Zikilegea mno mpira utaruka popote," fundi alimweleza. "Cheza nazo, kisha uje uniambie. Tutaongeza au kupunguza. Haifanywi mara moja ikaisha."

Daktari alipomruhusu kucheza, alianza kwa mipira michache ya karibu. Mpira wa kwanza ulipogusa nyuzi alijiandaa kwa ule mchomo wa kiwiko, kama alivyozoea. Haukuja. Alichosikia ni sauti nene ya chini, na mpira ukavuka wavu taratibu, ukamfikia Hope. Hope akaurudisha. Wakaenda hivyo, huku na huku, na Sidi akatambua kwamba alikuwa anatabasamu bila kujijua. Mipira yake haikuwa na kishindo cha kaka yake. Lakini ilikwenda alikotaka.

Muhula uliofuata walialikwa kucheza mechi ya kirafiki na shule jirani. Wazazi walikuja, Zipporah na Mzee Mwaura wakakaa benchi moja. Sidi na Hope walikuwa wakiongoza, na mchezo ulikuwa umebakiza kidogo kuisha. Sidi alikimbilia mpira wa mbali, akaupiga mkono ukiwa umenyooka vibaya. Akahisi kitu kiwikoni, chepesi sana, kama mtu anayebisha hodi.

Alitazama ubao wa matokeo, akamtazama Hope aliyesimama mbele amempa mgongo. Kisha akainua mkono.

"Mwalimu," aliita, "kiwiko kimeniuma kidogo."

Watazamaji walinung'unika. Mwalimu Jedida alikuja, akaukunja na kuukunjua mkono ule, akasimamisha mchezo. Wapinzani wakapewa ushindi. Hope alifungua nywele zake, akaja akambebea Sidi raketi, akamwambia kwamba hata hivyo yeye alikuwa na njaa.

Jioni, wakiwa wameketi wote kando ya uwanja wakila mahamri ya Zipporah, Mwalimu Jedida aliwaita wanafunzi wasogee.

"Leo tumeshindwa mechi," alisema, "na mimi sijawahi kujivunia wanafunzi wangu kama leo. Maumivu ni mjumbe. Ukimfungia mlango hatarudi alikotoka. Atakwenda kubisha kwa mwenzako. Mwenye kuumwa na aseme, amwambie mzazi au mwalimu, wala asijifanyie dawa kwa siri. Na chombo chochote unachokitumia, kalamu au jembe au raketi, kirekebishe kikufae wewe, hata kama umepewa na mtu unayempenda. Hasa kama umepewa na mtu unayempenda, kwa maana yeye hataki uumie."

Zipporah aliitikia kwa kichwa. Akamsogezea mwanawe sahani, na Sidi akachukua hamri kwa mkono wa kushoto, akaupumzisha wa kulia mapajani pa mama yake.